Sura ya Sita: Risasi Iliyo Pesa

Katika gemu ya Metro 2033, risasi nzuri ndiyo pesa. Zipo risasi za aina mbili. Za kwanza zimefuliwa na mafundi wa chini ya ardhi baada ya vita. Ni chafu, nyonge, na hazikosekani sana. Za pili ni mabaki ya jeshi la zamani. Hizo zinang'aa, zinaua upesi, na ndizo zinazonunua bunduki, dawa na vichujio vya barakoa ya gesi katika kila soko la mahandakini, kwa sababu hakuna sarafu nyingine. Mchezaji aliyezingirwa gizani anaweza kuzipakia zile za jeshi akajiokoa, lakini kila akibana kifyatulio anaona akiba yake ikiyeyuka. Huku nyuma saa ya mkononi inahesabu hewa iliyobaki kwenye kichujio, kioo cha barakoa kinaingia nyufa, na tochi inafifia mpaka ichajiwe tena kwa kupampu kwa mkono. Hadithi yenyewe ni rahisi kuisimulia. Vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia mwaka 2013, na miaka 20 baadaye waliosalia Moscow wanaishi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, kila stesheni ikiwa na utawala wake, forodha yake na maadui wake. Dmitry Glukhovsky aliiandika kama riwaya na kuiweka kwenye intaneti mwaka 2002 isomwe bure. Mwaka 2010 kampuni ya 4A Games, iliyokuwa na makao Kyiv, Ukraine, ikaigeuza kuwa gemu.

Gemu za bunduki zilikuwa tele mwaka huo, na nyingi zilikuwa na silaha nyingi zaidi, milipuko mikubwa zaidi na majoka ya kutisha zaidi. Kilichoitofautisha Metro ni kwamba uhaba ndani yake haukuwa mapambo. Gemu nyingine huuonyesha uhaba ukutani, kwa rangi iliyobanduka na maiti walioachwa, kisha humpa mchezaji risasi za kumwaga. Metro iliutia uhaba kwenye hesabu yenyewe ya kucheza, hata mtu asiyejua Kirusi wala historia ya Urusi akaanza, baada ya nusu saa, kufikiri kama mkazi wa handaki: nipige, nipite, au ninunue? Nguvu ya pili ni ramani. Stesheni zile si za kubuni. Ni VDNKh, ni Polis iliyoundwa na stesheni za katikati ya jiji, ni njia ambazo wakazi wa Moscow wamekuwa wakizipita tangu mwaka 1935 kwenda kazini na kurudi. Hoja ya sura hii inatokana na mambo hayo mawili. Gemu kubwa ya bunduki kutoka Kenya, ikiwa itatengenezwa, haitahitaji kubuni mwisho wa dunia. Itahitaji mahali ambapo uhaba tayari una kanuni zinazojulikana na ramani inayokaririwa, na mahali hapo ni Eastlands.

Si kwamba Wakenya hawajajaribu. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati ambapo kutengeneza gemu ya aina hiyo Nairobi kulionekana kama utani. Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games, iliyoanzishwa na Andrew Kaggia, ilitoa Nairobi X, gemu ya bunduki ambamo Otero na kikosi chake wanaulinda mji dhidi ya wavamizi kutoka anga za juu. Ilikuwa kazi ya ujasiri, na Kaggia alikuwa ameshajulikana kwa Wageuzi, katuni ya mwaka 2011 iliyowageuza wanasiasa wa Kenya kuwa maroboti ya mashindano. Lakini ukizilinganisha kazi hizo mbili, ile ya katuni ndiyo iliyoijua Kenya zaidi, kwa kuwa kichekesho chake hakihamishiki. Wavamizi wa anga wangeweza kutua Lagos au London, na mtengenezaji asingelazimika kubadilisha mengi zaidi ya majengo. Upande wa filamu, Wanuri Kahiu aliifikia shabaha kwa karibu zaidi katika Pumzi ya mwaka 2009. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wanaishi wamefungiwa ndani ya jengo, mkojo na jasho lao vinachujwa vikanywewa tena, na umeme unazalishwa kwa nguvu za miili yao. Hapo uhaba una hesabu. Ila filamu hutazamwa tu. Asha anapomwagia mche maji yake ya mwisho, mtazamaji hajapungukiwa na tone.

Eastlands inajulikana kwa watu wengi wasioishi huko kama jina moja la upande mmoja wa Nairobi, mashariki ya reli na kituo cha mabasi. Kwa anayeisoma historia yake, ni ramani ya wafadhili. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa fikra za miji-bustani ya Uingereza, nyumba ndogo kuzunguka viwanja vya majani na ukumbi. Buruburu ilijengwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya nyumba na fedha za shirika la maendeleo la Uingereza, kwa ajili ya watu wenye mishahara. Umoja ilisaidiwa na Wamarekani. Dandora ilikuwa mradi wa Benki ya Dunia uliotoa ploti yenye bomba na choo, mwenyewe amalizie vyumba. Kila mtaa ulikuja na kanuni zake za nani aingie, alipe nini, na kodi iende wapi. Mwandishi wa riwaya angehitaji miezi kadhaa kubuni mpangilio kama huo. Stesheni za Metro zenye Wakomunisti huku, Wanazi kule na wafanyabiashara wa njia ya mzunguko katikati hazizidi hapo kwa ugeni. Na vizuizi pia vipo. Mwanamume Mwafrika wa Nairobi ya wakoloni alitembea na kipande, cheti cha utambulisho, shingoni, na tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi liliuzingira mji na kuwachambua wakazi mtaa kwa mtaa. Watoa habari walivikwa magunia yenye matundu ya macho, wakitikisa kichwa kusema nani abaki na nani apandishwe lori. Maelfu wakapelekwa vizuizini. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, vizuizi vya kuulizana jina na kitambulisho vilirudi kwenye baadhi ya njia za mitaa hiyohiyo, safari hii vikisimamiwa na majirani.

Halafu kuna maisha ya kawaida, ambayo kwa mtengenezaji wa gemu yana thamani kuliko vita vyote hivyo. Kampuni ya maji ya Nairobi hutoa ratiba ya mgao, mtaa huu siku hizi na ule siku zile, kwa sababu mahitaji ya jiji yameyapita maji yaliyopo. Mtungi wa lita 20 una bei ya siku ya bomba na bei ya siku ya ukame, na mwenye mkokoteni anajua tofauti hiyo kabla ya mnunuzi. Stima hununuliwa kwa simu: unatumiwa tokeni ya tarakimu 20, unaibonyeza kwenye mita, unaona yuniti zako zikianza kuhesabiwa kurudi nyuma. Hakuna tofauti ya msingi kati ya mita hiyo na saa ya kichujio cha Artyom, mhusika mkuu wa Metro. Zote mbili zinamgeuza mtu kuwa mhasibu wa kitu ambacho kwingine hakihesabiwi. Hata silaha za mahandakini, zile za mabomba na vyuma chakavu zilizounganishwa na fundi, mtu wa Kamukunji atazielewa upesi, kwa kuwa kule pipa la mafuta huingia asubuhi na jioni likatoka majiko na masanduku ya shule.

Pingamizi la kwanza ni jepesi: Nairobi haina mahandaki. Haina treni ya chini ya ardhi, kweli. Lakini handaki lake kubwa lipo Murang'a, la kilomita 11.8, lililochimbwa kukusanya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka kwenye bwawa la Ndakaini ili yaletwe jijini. Mradi huo ulizua mabishano makali mwaka 2016, wapinzani wakidai Murang'a itageuzwa jangwa na serikali ikikanusha. Handaki linaloamua nani anywe na nani akose ni kisa kizito kuliko majoka. Zaidi ya hapo, handaki halikuwa kiini. Katika Metro Exodus ya mwaka 2019 watengenezaji walimtoa Artyom juu, wakampandisha treni, wakamvusha Volga, jangwa la Caspian na misitu. Risasi ziliacha kuwa pesa. Badala yake mchezaji huokoteza vyuma na kemikali ajitengenezee mahitaji. Barakoa ilibaki, hesabu ikabaki, na gemu ikabaki Metro. Na kama ni giza na njia nyembamba zinazotakiwa, majengo ya kupanga ya Huruma, Umoja na Pipeline yanazo. Ghorofa limegusana na ghorofa, na korido ya chini inahitaji taa saa sita mchana. Msomi Marie Huchzermeyer aliandika kitabu kizima mwaka 2011 akilinganisha majengo hayo na yale ya Berlin ya karne ya 19, akionyesha kwamba si ajali bali ni biashara yenye mantiki yake: ardhi ndogo, vyumba vingi, kodi ya uhakika. Mantiki hiyo ina upande wake mbaya. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo liliporomoka Huruma usiku wa mvua, likaua watu wasiopungua 49, na baadhi ya walionusurika walitolewa chini ya kifusi baada ya siku kadhaa. Mtengenezaji atakayegusa jambo kama hilo awe na sababu nzuri kuliko kutafuta ukumbi wa mapigano.

Kutokana na hilo linazaliwa pingamizi la pili, ambalo ni zito. Kuiweka Eastlands kwenye gemu ya baada ya maangamizi ni kuwaambia watu kwamba nyumbani kwao ndiko mwisho wa dunia ulikofika. Kamera za wageni zimeshaufanya mchezo huo vya kutosha, hasa kwenye jalala la Dandora, na wakazi wana haki ya kuchoka. Nalikubali pingamizi hili likielekezwa kwa mandhari. Silikubali likielekezwa kwa kanuni. Mandhari ya uchafu humfanya mchezaji kuwa mtalii, kwa kuwa anatazama mashaka ya wengine huku yeye akiwa hapungukiwi na kitu. Kanuni humfanya mkazi, maana anapungukiwa yeye, na anajifunza kwamba wanaoishi pale wana maarifa asiyokuwa nayo. Metro yenyewe iliepuka mtego huo kwa kuzijaza stesheni zake uhai. Kwenye Metro: Last Light ya mwaka 2013 kuna stesheni yenye ukumbi wa michezo, na mchezaji anaweza kuketi akatazama onyesho karibu lote ingawa hakuna adui anayemkabili. Kwa Eastlands kazi hiyo ni rahisi zaidi, kwani ukumbi wa Kaloleni ulishuhudia mikutano ya siasa kabla ya uhuru, na Dandora ileile ya jalala ndiyo iliyolitoa kundi la Kalamashaka na kuufanya muziki wa hip hop wa Kenya uzungumze lugha ya mtaani. Gemu isiyo na kwaya ya Jumapili, matatu yenye michoro na mabishano ya mpira kwenye kinyozi haijafika Eastlands. Na hakuna ulazima wa bomu la nyuklia. Neno la maangamizi linadai kwamba kulikuwa na jana ya neema iliyovunjwa kwa siku moja. Upungufu wa Eastlands ulipangwa kwa karatasi na ramani, ukapitishwa na kamati. Adui wa gemu hiyo ana saini, na kumtafuta aliyetia saini ni kisa kizuri zaidi kuliko kumwua jitu la msituni.

Bado ipo bunduki, na hapa sioni njia ya kulipita swali bila kulijibu. Katika mitaa hii risasi si fantasia. Mwaka 2017 kituo cha Mathare Social Justice Centre kilitoa ripoti juu ya mauaji yanayofanywa na polisi nje ya sheria, mengi yakiwaangukia vijana wa kiume wa mitaa ya watu maskini. Machi 2020, siku za kwanza za kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko wakati polisi wakitekeleza kafyu hiyo. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, ni nani anayetaka watoto wa Kiamaiko wafurahie kufyatua risasi. Jibu langu haliwezi kuwa lile la kawaida la wauzaji, kwamba ni mchezo tu. Jibu lipo kwenye jinsi bunduki inavyopewa bei. Metro 2033 ina daftari la siri la tabia: gemu inarekodi iwapo mchezaji alimpa mtoto ombaomba risasi moja, na iwapo alisimama kusikiliza mazungumzo ya watu badala ya kukimbilia mlango. Haitangazi chochote zaidi ya mwako hafifu wa mwanga. Mwishoni daftari hilo linaamua kama Artyom atapewa nafasi ya kuzuia makombora dhidi ya viumbe aliodhani ni maadui, au hataona hata kwamba nafasi hiyo ilikuwepo. Kwenye Last Light mchezaji anaweza kuzima taa, kupita kimya, kumzimisha mlinzi bila kumwua, na kumaliza hatua nyingi mikono ikiwa safi. Hii ni gemu ya bunduki inayomfundisha mchezaji kutofyatua, kwanza kwa ubahili, kisha kwa dhamiri, na sina hakika kwamba kitabu cha shule kingefaulu zaidi. Gemu ya Eastlands ingeweza kulipeleka jambo hilo mbali zaidi: mlio mmoja wa risasi usikike mtaa mzima, milango ifungwe, mwenye duka ashushe chuma, na njia zote za mchezaji zibadilike kwa siku kadhaa za gemu. Atakayefyatua atakuwa amejifungia mji mwenyewe.

Mwenye kujua biashara atakuwa amekwisha kukunja uso. Gemu kama Metro inadai mashine ghali na mamia ya wafanyakazi, na Wakenya wengi huchezea kwenye simu. Hilo la kwanza lina ushahidi wa kulipunguza makali. Mwaka 2013 Jason Rubin, aliyewahi kuiongoza THQ, kampuni iliyoichapisha Metro kabla haijafilisika, alieleza hadharani jinsi 4A walivyofanya kazi. Bajeti ya Last Light ilikuwa asilimia 10 tu ya ile ya washindani wake wakubwa, watengenezaji walibanana kwenye viti vya kukunja na meza ndogo, umeme ulikatika, na vifaa viliingizwa kwa siri ndani ya begi la mgongoni kukwepa maofisa wa forodha. Msomaji wa Nairobi anayeikumbuka tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoikumba nchi pamoja na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, hatahitaji kuelezewa mazingira hayo. Simaanishi kwamba dhiki ni baraka. Rubin mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba wakosoaji hawaoni gharama ya kazi ile. Namaanisha tu kwamba wale waliofikiri zaidi juu ya uhaba ndani ya gemu walikuwa watu waliokuwa wakiuishi kazini, na sidhani kwamba hilo ni sadfa.

La pili, la mahali Wakenya wanapochezea, ni gumu zaidi na linazungumzwa kidogo mno. Eastlands ina utamaduni wake wa gemu, nao ni wa kibanda cha PS: chumba cha mabati au duka la pembeni, runinga chache, pedi zilizochakaa, na malipo kwa mechi. Malipo kwa mechi ndiyo yaliyozipa mpira na gemu za kupigana ufalme wa vibanda. Mechi ina kipenga cha mwisho. Mwenye kibanda anajua lini achukue pesa na lini ampishe mwingine. Gemu ya hadithi ya saa kumi haina kipenga, na anayecheza peke yake gizani akisikiliza nyayo anamharibia mwenye kibanda hesabu na kuwachosha waliopanga foleni. Kwa hiyo tatizo la soko ni tatizo la umbo, na umbo linabadilika. Kibandani hakuna anayecheza peke yake. Mmoja ameshika pedi na sita wanatoa amri nyuma yake. Hadithi inaweza kukatwa vipande vyenye urefu wa mechi moja, kila kipande kiwe safari moja: kupeleka mitungi kutoka Kayole hadi Soweto kabla ya kafyu, kumvusha mgonjwa Mathare daraja likiwa limechukuliwa na mafuriko. Waliosimama nyuma wapewe kazi, mmoja akumbuke ratiba ya maji, mwingine ahesabu yuniti, maana skrini haitaonyesha. Simu zao zifunguke na kipande kidogo cha hadithi hiyohiyo cha kuchezea nyumbani. Na stima ikikatika katikati ya safari, gemu iwe imehifadhi hatua palepale, kwa sababu mwenye kibanda hatarudisha pesa.